Kuzilinganisha Shule za Umma za Taita-Taveta

Hotuba ya Kamati ya Elimu, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Mkutano wa mwaka jana ulitukabidhi kazi ambayo kwa kuitamka ilikuwa nyepesi. Mlitutuma tuzizuru shule za umma za kaunti yetu, tuzilinganishe, kisha tuje tuwaambie ni ipi iliyo bora, ili Chama kijue pa kupeleka fedha zake za msaada wa masomo. Kazi hiyo imetumalizia viatu. Tumepanda hadi Werugha na Mgange, tumeteremka hadi Mwatate na Voi, tumefika Kasighau kwa gari la kuombwa, na Taveta tumelala usiku mmoja kwa hisani ya mwanachama wetu. Leo tumerudi mbele yenu, lakini jibu mlilolitaka hatunalo. Tumekuja na jingine, nasi twaomba mlisikilize mpaka mwisho kabla ya kuinua mikono.

Yatupasa kuanza na kosa letu wenyewe. Wengi wenu mwakumbuka kwamba Chama hiki kwa miaka mingi kimetoa zawadi kwa shule ya sekondari iliyopata wastani wa juu katika mtihani wa Kidato cha Nne. Mwaka 2014 Wizara ya Elimu ilikomesha desturi ya kuzipanga shule kwa nambari, ya kwanza hata ya mwisho. Sisi hatukukoma. Tuliyachukua matokeo kutoka milango ya ofisi za shule, tukaandika orodha kwa mkono, na Karani wetu akaisoma katika ukumbi huu huu. Aliyekuwa wa kwanza alipigiwa makofi. Aliyekuwa wa mwisho hatukumsema lolote, lakini orodha ilikuwa imekwisha kusomwa, na wazazi waliokuwa wameketi hapa wana masikio. Shule ile iliyosomwa ya mwisho ni shule ndogo ya kutwa katika nchi ya chini. Mwaka uliofuata wazazi waliokuwa na uwezo waliwaondoa watoto wao, wakabaki wasio na uwezo. Tulipoizuru safari hii mwalimu mkuu alitukaribisha kwa adabu, akatupa viti vyake vyote viwili, kisha akatuuliza polepole kama tumekuja na orodha nyingine. Hatukuwa na la kumjibu.

Sasa tuutazame huo wastani tulioutegemea. Kila mtahiniwa hupewa alama kuanzia A, yenye pointi 12, hata E, yenye pointi 1. Pointi za wote hujumlishwa, kisha hugawanywa kwa hesabu ya watahiniwa. Hesabu hii haina ubaya wowote, lakini husema jambo moja tu, nasi tumeitaka iseme kumi. Tuseme shule moja ina watahiniwa 40, na kati yao 30 wamepata C kasoro, ambayo ni pointi 5, na 10 wamepata D kasoro, ambayo ni pointi 2. Wastani wake ni 4.25. Sasa tuseme mwalimu mkuu mwenye hila aliwaita wale 10 mapema, akawaambia wazazi wao kwamba ni heri wahamie shule nyingine wakafanyie mtihani huko. Wastani wa shule yake utakuwa 5 kamili. Umepanda bila mtoto hata mmoja kufundishwa somo moja zaidi, na kwa mizani yetu ya zamani tungempa mtu huyo kikombe. Wala msidhani kwamba tunatunga hadithi. Wazazi wawili, wa sehemu mbalimbali, walitueleza kwamba watoto wao walihamishwa namna hiyo. Majina ya shule tumeyahifadhi, kwa kuwa hatukuja kushitaki mtu.

Tena kuna jambo la mtoto alivyoingia. Mpaka mwaka 2023, ulipofanywa mtihani wa mwisho wa darasa la nane, shule za kitaifa zilichagua kwanza, zikafuata zile zilizoitwa za nje ya kaunti, kisha za kaunti, na mwisho kabisa zile za kaunti ndogo, ambazo nyingi ni za kutwa. Mtoto aliyepata alama 380 katika 500 alikwenda bweni. Aliyepata 180 alibaki karibu na nyumbani. Baada ya miaka minne wa kwanza anapata B na wa pili anapata C. Ni nani kati ya walimu wao aliyefanya kazi kubwa zaidi? Hatusemi kwamba B ni ndogo. Twasema kwamba yule aliyempokea mtoto wa 180 na kumfikisha C amepandisha mlima, naye hajapata kupewa hata barua ya shukrani. Sasa majina ya madaraja yamebadilika, na tangu Gredi ya 10 ilipoingia mwezi wa Januari 2026 twasikia C1, C2, C3 na C4, lakini ngazi ni ile ile na aliye chini ni yule yule.

Wazee watatuunga mkono tukisema kwamba tofauti za shule zetu hazikuanza jana. Wamisionari wa CMS walifika Sagalla mwaka 1883, na Mapadre wa Roho Mtakatifu wakaanzisha kituo Bura mwaka 1892. Wakafuata maji na hewa nzuri ya milima yetu, na shule zikafuata makanisa. Nchi ya chini kwa muda mrefu ilikuwa ya reli, ya mashamba ya katani, na ya wanyama. Ndiyo sababu mtu akipanda kutoka Mwatate kuelekea Wundanyi huona shule juu ya shule, nyingine zikitazamana kutoka tuta hadi tuta, hali mtoto wa nchi ya chini huenda kwa miguu mwendo mrefu kabla ya kuona bendera. Kisha zikaja shule za Harambee, tulizozijenga kwa mbuzi na kuku na mchanga wa kubeba kichwani. Nyingi za kutwa tulizonazo leo ni watoto au wajukuu wa Harambee hizo. Tulizijenga kwa moyo, lakini wakati mwingine tulizijenga karibu mno, kila kijiji kikitaka ya kwake, na sasa twaona gharama yake. Jambo hili tutalirudia.

Zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti yetu imo ndani ya Mbuga za Tsavo. Mgeni akisikia hivyo hufikiri habari za watalii. Mwalimu wa nchi ya chini hufikiri habari za saa ya kengele. Katika shule moja tuliyozuru, masomo ya alfajiri yameondolewa kabisa, kwa kuwa ndovu hupita njiani mpaka jua litoke, na jioni wanafunzi hufunguliwa mapema kwa sababu hiyo hiyo. Shule ya bweni mlimani ina saa mbili za kujisomea asubuhi na tatu za usiku chini ya taa. Jumlisheni wenyewe saa hizo kwa miaka minne, halafu mtuambie kama watoto hawa wawili wamefanya mtihani mmoja. Sagalla wako watu waliozungushia mashamba yao nyaya zenye mizinga ya nyuki, maana ndovu humwogopa nyuki, na asali huuzwa. Mwalimu mmoja alituuliza kama njia ya kwenda shule nayo haiwezi kupata mizinga. Tulicheka, kisha tukaliandika.

Na maji. Bomba la Mzima, lililojengwa miaka ya 1950, huchukua maji kutoka katika ardhi ya kaunti hii hadi Mombasa. Tumekwisha kulalamika juu ya bomba hilo katika mikutano mingi na hatutalalamika tena leo. Twasema tu kwamba tuliona wasichana wakija shuleni kila mmoja na kibuyu cha plastiki cha lita tano, kwa sababu bila maji hayo chakula cha mchana hakipikwi. Msichana aliyebeba lita tano na vitabu kwa mwendo wa saa nzima amekwisha kufanya kazi ya siku kabla ya kusikia neno la kwanza la hisabati. Hakuna safu ya jambo hilo katika karatasi ya matokeo.

Msifikiri kwamba tulikwenda shule kubwa tukakuta pepo. Tangu Serikali ilipoagiza mwaka 2018 kwamba kila mtoto aliyemaliza shule ya msingi aingie sekondari, mabweni yamefurika. Tuliona ukumbi wa chakula uliogeuzwa kuwa mahali pa kulala, na vitanda vimekaribiana hata mtu hupita kwa ubavu. Tuliona maabara nzuri yenye gesi na vifaa, na kando yake paa la bweni linalovuja. Mwalimu mkuu wa shule hiyo alituambia kwamba wazazi wengi hawajamaliza ada ya mwaka uliopita, na anayemwuzia mahindi amekwisha kukataa kumkopesha. Kwa hiyo ukubwa wa lango usiwadanganye.

Hapa yatupasa kusema habari za fedha, maana wanachama wengi huuliza: kama elimu ni ya bure, fedha zetu ni za nini? Mwaka 2003 Serikali iliondoa ada katika shule za msingi, na watoto zaidi ya milioni moja wakaongezeka madarasani nchini kote. Mwaka 2008 ikaondoa ada ya masomo katika sekondari za kutwa. Kiwango kilichowekwa kwa kila mwanafunzi wa sekondari ni shilingi 22,244 kwa mwaka, nazo hupelekwa kwa mafungu matatu. Mwaka 2025 ilielezwa mbele ya kamati ya Bunge kwamba zilizokuwa zikifika zilikuwa pungufu ya kiwango hicho. Lakini hata zikifika zote, zitazameni. Shule ya wanafunzi 1,000 hupata zaidi ya shilingi milioni 22. Shule ya wanafunzi 90 hupata milioni mbili na vijisenti. Zote mbili zahitaji mlinzi mmoja, karani mmoja, mpishi, taa, na maabara. Kompyuta haipungui bei kwa sababu shule ni ndogo. Na walimu wa Tume hupangwa kwa kufuata mikondo ya madarasa na vipindi, hivi kwamba shule ya mkondo mmoja haiwezi kupata mwalimu wa kila somo. Mwalimu wa hisabati ndiye pia wa fizikia, ndiye wa michezo, na akiugua yeye, yameugua masomo matatu. Pengo hilo huzibwa na mwalimu anayeajiriwa na bodi ya shule, anayelipwa na wazazi. Na wazazi wa shule hiyo ndio wale wasiokuwa na uwezo wa kumhamisha mtoto.

Hivyo mwaona jinsi orodha yetu ilivyofanya kazi yake. Tuliisoma, wanafunzi wakapungua, fedha zikapungua pamoja nao, na mwalimu wa bodi akaondoka. Matokeo yakashuka tena, nasi tukayaandika tena. Katika shule moja waliofika kuanza Gredi ya 10 hawakujaza nusu ya chumba. Utaratibu mpya una njia tatu za masomo, yaani Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati. Sayansi za Jamii. Na Sanaa na Michezo. Shule isiyo na maabara wala mwalimu wa fizikia itamwambiaje mtoto kwamba ana uhuru wa kuchagua?

Basi tulizilinganishaje? Tuliacha kuuliza kwanza habari za wastani, tukaomba daftari la majina. Tulihesabu walioingia Kidato cha Kwanza, tukahesabu waliofanya mtihani wa Kidato cha Nne, kisha tukauliza habari za kila mmoja aliyekosekana kati ya hesabu hizo mbili. Swali hili lilikuwa gumu kuliko yote. Walimu wakuu walioweza kutujibu kwa majina, kwamba huyu alihamia Mombasa kwa mjomba wake, huyu alipata mtoto na twamngojea arudi, huyu yuko kwenye bodaboda pale Maungu na nimemfuata mara mbili, hao twawahesabu kuwa walimu kwelikweli, na mmoja wao ni yule wa shule tuliyoisoma ya mwisho. Yeye alikuwa na daftari dogo la mfukoni lenye majina ya waliotoka. Katika shule nyingine, yenye sifa kubwa, tuliambiwa kwamba mambo hayo yako katika kompyuta na mwenye funguo hayupo.

Tuliuliza pia kama kuna mwalimu kwa kila somo, kama mtoto hula mchana, anatembea mwendo gani, na kama kuna maji siku ya Jumatatu na pia siku ya Ijumaa. Wastani wa mtihani tuliuandika mwisho, pamoja na alama ambazo watoto waliingia nazo. Tulipomaliza hatukuweza kupata shule iliyo ya kwanza katika mambo yote. Shule moja ya mlimani ni hodari kwa masomo lakini hupoteza watoto wengi njiani. Shule ya Taveta tuliyolala karibu nayo ina shamba linalolisha wanafunzi, na mahudhurio yake ni mazuri kuliko ya shule nyingine yoyote tuliyozuru, ijapokuwa fizikia haina mwalimu. Ile ya mwisho haimpotezi mtu.

Sasa tufike kwenye fedha za Chama, na hapa hatutawaficha kwamba kamati yenyewe haikuwa na sauti moja. Mzee mmoja kati yetu, ambaye twamheshimu wote, alisema hivi: mtoto wa maskini akiitwa shule ya daraja la juu, na ada yake kwa mwaka ni shilingi 53,554, nasi tukakataa kumsaidia kwa sababu tumepeleka fedha kwa shule ya kutwa, je, hatukumfungia mlango mtoto ambaye Mungu amemfungulia? Aliuliza tena kama sisi wenyewe tulioketi pale hatukusomeshwa kwa njia hiyo hiyo, kijiji kikichanga kwa ajili ya mmoja. Ni kweli. Wako miongoni mwetu waliosomeshwa kwa ng'ombe wa watu wengine, nao hawakusahau.

Tulimjibu kwa hesabu, tena kwa upole. Mwalimu mwanagenzi wa Serikali alikuwa akilipwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Tukimlipa mwalimu wa fizikia kiasi hicho kwa miezi tisa ya masomo ni shilingi 180,000, nazo ni ada za watoto wa bweni watatu na kitu kidogo. Akifundisha shule mbili zilizo jirani, siku mbili huku na siku tatu kule, wanafunzi wote wa shule hizo wamepata njia ya sayansi. Watatu au shule mbili? Mzee wetu alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba hao watatu nao wana majina. Hatukuweza kumshinda kwa neno hilo, na twafikiri hatukupaswa kumshinda. Kwa hiyo yale tunayoyaomba leo yamepunguzwa kwa ajili yake.

Twaomba zawadi ya wastani wa juu iondolewe kuanzia mwaka huu, na kikombe kibaki kabatini. Twaomba nusu ya fedha za msaada iendelee kuwafuata watoto walioitwa mbali ambao wazazi wao hawajiwezi, ila kamati iende nyumbani ikaone, isitegemee barua tu, maana tumekwisha kusaidia mtoto wa mtu mwenye matatu mawili. Nusu ya pili twaomba imlipe mwalimu mmoja wa fizikia kwa shule mbili za nchi ya chini, na kitakachobaki kinunue tangi la maji kwa ile iliyo na wasichana wanaobeba lita tano. Tena twaomba wazee wa vijiji viwili vya mlimani, ambavyo shule zake zatazamana na kila moja haina watoto wa kutosha, wakubali kuketi pamoja na bodi zao na maofisa wa elimu, wazungumze kama yafaa ziwe shule moja. Twajua kwamba neno hili ni chungu. Mawe ya shule zile yalibebwa na mama zetu. Hatusemi ifungwe ipi. Twasema watu waketi.

Mwisho, Bwana Mwenyekiti, kamati yaomba ruhusa ya mkutano huu kuandika barua kwa mwalimu mkuu wa shule ile tuliyoisoma ya mwisho. Tumekwisha kuiandika rasimu yake, nayo haizidi ukurasa mmoja. Iko mezani kwa Karani pamoja na daftari la ziara zetu. Wanaotaka kuisoma kabla ya kura na waisome sasa, wakati chai inapoandaliwa, na anayeona kwamba maneno ya kuomba radhi hayatoshi aongeze yake pembeni kwa kalamu ya risasi.